Mtungi Uliooshwa Kupita Kiasi

Jioni soko linapofungwa watu wote wanatoka, ila mwanamke mmoja ndiye anaingia. Amejifunga aproni ya bluu na mikononi ana ndoo mbili zenye vifuniko. Wauzaji wakimwona tu, kelele zinaanza.

"Mama Maganda huyo! Njoo uchukue maembe yangu, yamelala ubavu!"

"Anza kwangu jamani, nyanya zinalia!"

"Zinalia kwa sababu umezikalia," anajibu Mama Maganda, na meza zote za karibu zinacheka.

Jina hilo alibandikwa na muuza juisi wa kona, mtu mnene mwenye mdomo usio na breki, siku ya kwanza alipomwomba maganda ya mananasi. Muuza juisi alidhani ana mbuzi nyumbani. Aliposikia kwamba maganda yale yatarudi mezani kwa watu, alishika kiuno akacheka mpaka mashine yake ikafurika juisi. Jina likaganda hapo hapo, na mwenyewe wala hakununa. Mpaka leo ukimwambia atafute jina la heshima zaidi, anakuuliza, "Hili lina ubaya gani? Nanasi limevaa ganda maisha yake yote na halijaona haya."

Usidhani anaokota ovyo. Kila tunda linapita mikononi mwake kama mgonjwa mbele ya daktari. Analinusa, analibonyeza karibu na kikonyo, analigeuza, halafu analikata pale penye jeraha aone limeingia kiasi gani. Lililopondeka upande mmoja linapona: anaondoa kidonda, kinachobaki kinakuwa jamu. Karoti zenye miguu miwili, matango yaliyopinda kama ndoana, vitunguu vidogo ambavyo wateja wanaona uvivu kuvimenya, vyote vinalowekwa kwenye siki, vinakuwa achari. Maganda ya machungwa anayachemsha, anamwaga yale maji machungu, anayachemsha tena na sukari mpaka yanang'aa kama vioo vya rangi. Ukila moja, mkono unarudi wenyewe kuchukua la pili. Kilichooza kweli kinakwenda kwenye shimo la mbolea nyuma ya nyumba. "Mimi sipiki uozo," anasema, tena kwa ukali kidogo, maana swali hilo ameulizwa mpaka limemchosha masikio.

Mambo haya yalianzia mbali. Kwa miaka mingi alikuwa mmenyaji katika jiko la kiwanda kimoja, jiko lile la masufuria makubwa ambayo mtoto anaweza kujificha ndani. Kazi yake ilikuwa kisu na ndoo: menya, katakata, tupa. Kila mchana pipa la taka lilishiba kabla ya wafanyakazi. "Nilikuwa najiuliza," anasimulia, "hivi anayelishwa hapa ni nani hasa, watu au pipa?"

Mpishi mkuu wa jiko hilo, mama aliyekula chumvi nyingi, alikuwa na mtungi wake kwenye kona ya stoo, umefunikwa kitambaa. Siku ya kustaafu alimvuta yule mmenyaji pembeni akamkabidhi chupa yenye kitu cha ajabu ndani yake. Kilikuwa kama kipande cha ngozi nyeupe, kinene kama soli ya ndala, kinateleza, kinaelea juu ya maji ya rangi ya chai.

Hiyo ndiyo ngozi ya siki. Unaloweka maganda ya nanasi kwenye maji na sukari, unayaacha yachachuke mpaka yatoe povu na harufu ya pombe. Unachuja. Halafu unatia ile ngozi pamoja na siki kidogo iliyoizoea, na hapo kazi inaanza kimyakimya. Harufu ya pombe inageuka polepole kuwa ukali safi, ule unaokukunja uso na kukulambisha midomo kwa wakati mmoja. Bila ngozi utasubiri mpaka uote mvi. Na kila siki mpya inazaa ngozi nyingine juu yake. Mpishi yule aliipata kwa mtu, na mtu huyo kwa mtu, na hakuna ajuaye ya kwanza kabisa ilitoka wapi. Fikiria tu, kitu hakina macho wala mdomo, na ukoo wake ni mrefu kuliko wa watu wengi!

"Ukishaizoea, kata kipande umpe mwenzako," mpishi alimwagiza. "Usimuuzie, mpe bure. Siku ngozi yako ikiharibika, utajua mlango wa kugonga."

Mama Maganda alifuata agizo. Tatizo ni kwamba mwenzake aliyempa alikuwa wifi yake, dada wa mumewe.

Wifi huyo ni fundi cherehani. Mkono wake mwepesi na ulimi wake mwepesi zaidi. Tangu zamani wawili hawa walikuwa hawapikiki chungu kimoja, lakini walivumiliana mpaka siku ya chakula cha familia, nyumba ya wifi imejaa wageni, wifi aliposukuma kando bakuli la achari akasema, "Masikini kaka yangu, kumbe siku hizi analishwa jalala." Watu walicheka. Mama Maganda naye alicheka, kisha akavua aproni, akaikunja vizuri, akaondoka. Toka hapo hakukanyaga tena kwa wifi yake. Salamu zao zilisafiri mfukoni mwa mume, nazo zilifika zimepoa.

Mume mwenyewe mtaani wanamwita Bwana Sabuni. Alikuwa msafishaji wa wodi hospitalini mpaka alipostaafu. Yeye amestaafu, mikono yake haijakubali. Anafuta vitasa vya milango, anafuta swichi za taa, mgeni akiaga anafuta kiti kabla hajafika nje. Chochote chenye ute au utando kwake ni adui. Kuishi na Mama Maganda, ambaye jikoni kwake daima kuna kitu kinachemka, kinachacha au kinadondoka kwenye chujio, kulikuwa mtihani. Aliuvumilia kwa mapenzi tu. Alipoomba angalau aoshe chupa, mkewe alimkatalia: "Wewe utazisugua mpaka zitoboke." Na alimwonya jambo moja zaidi, kwamba mtungi wa kona hauguswi. Hakumweleza kwa nini. Hilo ndilo kosa lake.

Sasa, kwenye kona ya barabara yao kuna duka la vyakula, na mwenyewe ni mzee anayefunga miwani yake kwa uzi. Mzee huyu alionja achari ya Mama Maganda siku moja, akafumba jicho moja, akaonyesha kwa kidole rafu iliyo karibu na mlango.

"Ile itakuwa wazi mwisho wa mwezi. Ijaze. Ukichelewa nampa mama wa mishumaa. Rafu ya mlangoni haikai tupu kwangu."

Kwa mtu mwingine ni ubao tu na misumari. Kwa Mama Maganda ilikuwa kitu alichokiwinda kwa muda mrefu. Vitu vyake alikuwa anavitembeza mkononi, na kila mnunuzi alinusa kwanza, akauliza vimetokana na nini, akatazama pembeni kama anayemezeshwa dawa. Alitaka vikae dukani, kati ya sukari na unga, na mtu avichukue bila kuuliza. Viwe chakula kama vyakula vingine. Basi akapanga: ndoo za maji ya maganda yaliyochujwa zilikuwa tayari zimejipanga ukutani, na mtungi wa kona ulijaa siki na ngozi nene ya kuzianzishia. Muda ulitosha.

Katikati ya mipango hiyo binti yao akajifungua, na Mama Maganda akaenda kumtazama mjukuu. Alirudi siku chache baadaye, mkoba begani, uso bado una furaha ya kitoto kichanga. Alipofungua mlango alipokewa na harufu ya sabuni. Sakafu ilikuwa inang'aa. Masufuria yalikuwa yanang'aa. Na juu ya kichanja cha vyombo, ukiwa umepinduliwa, mtungi wa kona ulikuwa unang'aa kuliko vyote.

"Baba watoto," aliita kwa sauti ndogo.

"Naam, mke wangu! Mjukuu hajambo? Umeliona jiko?"

"Kulikuwa na kitu kwenye mtungi."

"Kulikuwa na balaa kwenye mtungi!" Bwana Sabuni alitokea akifuta mikono. "Niliona vijidudu vinazungukazunguka, nikafunua kitambaa. Weee! Utando mnene hivi! Nikajua siki yako imeharibika, na mzee wa duka angekuaibisha mbele za watu. Nimevaa glovu mbili. Nimemwaga shimoni, nikatia majivu na dawa juu yake, kisifufuke."

Mama Maganda alikaa juu ya ndoo. Midomo ilimchezacheza.

"Mbona kimya?"

"Nahesabu, hasira zipoe."

"Umefika ngapi?"

"Usiniulize nimefika ngapi!"

Alipomweleza kitu kile kilikuwa nini, rangi ilimtoka mzee wa watu. Alivuta kigoda, akakaa akitazamana na mkewe, magoti yakigusana.

"Kwa hiyo nimeua."

"Umeua."

"Tena nimevaa glovu mbili."

Mama Maganda alijitahidi kukunja uso, lakini akashindwa, akaangua kicheko, kisha kicheko kikakatika akakumbuka rafu. Aliiona kabisa: mishumaa mirefu, myeupe, imesimama mlangoni kama wanafunzi gwarideni.

"Si ulimpa dada yangu kipande?" mumewe akasema kwa woga.

"Alishakimwaga. Mtu atunze jalala la nini?"

"Umemuuliza?"

"Simuulizi."

"Basi nitakwenda mimi."

"Ukienda wewe atasema nimetuma mtoto dukani."

Mama Maganda aligeukia ukuta. Ndoo ukutani zilikuwa zinanukia utamu wa pombe ya nanasi, ziko tayari, zinasubiri kitu ambacho hakipo.

"Jikaze kisabuni, mke wangu," Bwana Sabuni akasema.

Alimtupia jicho. "Leo neno hilo usilitamke humu ndani."

Lakini asubuhi alijikaza. Alitia chupa tupu mkobani, akaenda. Cherehani ilisikika tangu nje, inapiga mbio, inatulia, inapiga mbio.

"Hodi."

"Hodi nani?"

"Mimi."

"Mimi yupi? Hapa wanapita akina mimi wengi."

"Wifi, acha maringo."

Cherehani ikanyamaza. "Haa! Kumbe miguu ipo! Kaka ananiambia hujambo, mimi najua imekatwa. Karibu ukae, angalia usikalie sindano. Au zikalie, vyovyote."

Mama Maganda alikaa pembeni ya marundo ya vitambaa, akasimulia mkasa wote: safari, mtungi, glovu mbili, majivu. Wifi alijaribu kusikiliza kwa heshima, akashindwa. Aliinamia mashine akicheka mpaka machozi.

"Kaka huyo, ndiye mwenyewe! Utotoni alimwosha kuku kwa sabuni. Kuku mzima, wifi! Anapiga kelele! Mama akauliza unafanya nini, akasema namwandalia kutaga."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kilipoisha kikawaacha wanatazamana. Mama Maganda akaitoa ile chupa tupu mkobani.

"Kile kipande nilichokupa. Najua ulikimwaga, ila nimeona bora niulize."

Wifi alikata uzi kwa meno, akainuka, akainama chini ya meza ya kukatia nguo, akasogeza mabunda ya vitambaa, akatoa chupa kubwa. Ilivalishwa kifuniko cha kitambaa cha maua, kimeshonewa mpira kuzunguka mdomo, mishono imenyooka kama mstari wa rula. Ndani yake ngozi ilikuwa inaelea, nene, nyeupe, imetulia.

"Imenona kuliko wewe," wifi akasema.

Mama Maganda aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Umeilisha nini?"

"Ndizi zilizoiva mpaka zimekuwa nyeusi. Kwani nanasi ndilo tunda peke yake duniani?"

"Ulisema jalala, wifi. Mbele za watu."

"Nilisema." Wifi alijifanya anatafuta kitu kwenye sanduku la vifungo. "Niliona watu wako tayari kucheka, ulimi ukanitangulia. Nilitaka kuja kukuomba radhi kesho yake. Nikasema wiki ijayo. Na unaijua wiki ijayo ilivyo, haifiki. Nisamehe."

Mama Maganda alitaka kusema neno la maana, lakini jicho lake lilikuwa limeshaona kitu kingine kwenye kabati la vyombo. "Na ile? Si achari ile?"

"Ipi?"

"Wifi!"

"Naila na wali, unataka niile na nini? Na usimwambie mtu."

Baada ya hapo ilibaki biashara ya kugawana. Wifi alikubali kutoa nusu ya ngozi pamoja na siki yake, lakini akaweka sharti. "Utatamka mbele ya kaka kwamba yangu imenona kuliko ile yako."

"Nitasema imenona."

"Kuliko ile yako."

"Haya, imenona sana."

"Kuliko. Ile. Yako."

"Kuliko ile yangu marehemu! Kata sasa."

Wifi alichukua mkasi wa nguo, akausogeza kwenye ngozi, akasita, akaenda kuuchemsha kwanza. Mama Maganda alimtazama akisugua ule mkasi kwa sabuni mpaka kwenye skrubu, akamwona mumewe mzimamzima.

Jikoni kwa Mama Maganda kulikuwa na kazi. Aliyamwaga maji ya maganda kwenye mabeseni mapana ya plastiki ili hewa iyafikie vizuri, maana siki ikipata hewa nyingi inaiva haraka. Kila beseni akalitia siki kidogo ya wifi na kipande cha ngozi, kikazama chini. Wifi alikuja jioni na vifuniko vya kitambaa vya kila beseni, vina mpira, nzi mdogo hapiti. Na Bwana Sabuni, ambaye alikuwa anatembea kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshitakiwa, akaitwa mbele ya rundo la chupa.

"Hizi zote," mkewe alisema. "Zioshe unavyotaka wewe."

"Ninavyotaka mimi?"

"Unavyotaka wewe."

Hujawahi kuona mtu akifurahi hivyo kupewa vyombo vichafu. Alizisugua, akazichemsha, akazipanga zimepinduka juu ya taulo safi kwa mistari. Zamani katika kila kundi la achari chupa mbili tatu zilikuwa zinaota ukungu na kutupwa, na Mama Maganda alikuwa analaumu karoti. Safari hii haikuota hata moja. Toka hapo chupa zikawa za mumewe moja kwa moja.

Kila asubuhi Mama Maganda alifunua pembe ya kitambaa cha beseni. Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu kikatokea kiwingu chepesi juu ya maji, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Kikakaza, kikawa utando, kikawa ngozi. Bwana Sabuni alikuja kuitazama kila siku, mikono ameifunga mgongoni asije akajisahau.

"Nzima?"

"Nzima."

"Sijaigusa."

"Nakuona."

Siki ilipoiva wakatengeneza achari, na mwezi ulipokuwa unaishia waliingia dukani wote watatu na makreti: achari, jamu, maganda ya machungwa, na siki yenyewe, ya rangi ya dhahabu. Mzee wa duka alishusha miwani, akafungua chupa moja ya achari, akatafuna kipande cha tango. Akaacha kutafuna.

"Hii siyo ile ya kwanza."

Mama Maganda aliinama kuitazama chupa. Bwana Sabuni alianza kufuta kreti kwa kiganja.

"Ile ilinipiga usoni," mzee aliendelea, akachukua kipande kingine. "Hii inapiga, halafu inarudi kuomba msamaha. Ina utamu fulani nyuma. Umefanyaje?"

Wifi aliinua macho akawa anatazama dari, kama mtu asiyehusika kabisa.

Ilikuwa rahisi kusema nimejaribu njia mpya. Lakini Mama Maganda alimnyooshea wifi kidole. "Huo ni mkono wa wifi yangu. Nimeanzishia na ngozi yake, aliilea kwa ndizi. Imenona kuliko ile yangu."

"Ngozi?" mzee akauliza.

"Mwache amalizie, mzee," wifi akasema. "Kuliko ile yake. Kaka, umesikia?"

"Nimesikia."

Mzee wa duka aliwatazama mmoja mmoja, akaona hilo ni la kwao. Akaonyesha rafu. "Haya, pangeni kabla mama wa mishumaa hajapita."

"Subirini!" Bwana Sabuni alisogea, akatoa mfukoni kitambaa na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye karatasi, akaanza kuisugua ile rafu, juu, chini, na kwenye pembe ambazo hakuna atakayeziona.

"Kaka," wifi akamwambia, "ukimaliza hapo mwoshe na mzee wa duka."

Walipanga, wakabishana. Wifi alitaka siki mbele kwa sababu ya rangi, Mama Maganda alitaka jamu mbele kwa sababu watoto wanasimama pale. Walikuwa bado wanabadilishana chupa mahali wakati mama mmoja alipoingia kwa haraka na kapu lake, mtu wasiyemjua. Alichukua sukari. Alichukua unga. Akapita mlangoni, mkono wake ukaenda kwenye rafu, ukachukua chupa ya achari, ukaitia kapuni katikati ya sukari na unga. Hakunusa. Hakuuliza. Alilipa akaondoka zake.

Mama Maganda alibaki ameshika chupa ya jamu hewani. Wifi alimpiga kikumbo kidogo cha kiwiko.

"Haya, iweke basi. Na uiweke nyuma ya siki."